Nyumba Thelathini na Moja kwa Mkaa

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kijiji kizima kilivuna maharagwe yangali mabichi kwa sababu yangu. Nikisema kijiji kizima nina maana ya nyumba thelathini na moja, toa mbili: ya mchungaji, aliyekuwa safarini Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi, na yetu, kwa kuwa baba hakuwa na habari.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko juzi. Nilikuwa hapa mjini Mbarara, kwenye njia inayopita nyuma ya nyumba za familia za wanajeshi, nimeketi kwenye kigoda changu cha kukunja. Uzio wa kambi nilikuwa nimeupa mgongo makusudi, nikichora vilima vya upande wa pili. Mtu alikuwa anachemsha maharagwe mabichi pamoja na maganda yake. Anayeijua harufu hiyo hahitaji kuelezwa: ni nzito, ina majani na udongo ndani yake, kama shamba lililofunikwa kwenye sufuria. Kabla sijaivuta mara ya pili, mama mmoja akatoka na mwiko mkononi.

“Nyabo! Wewe bibi, unapima nini hapo? Hii ploti iko na mwenyewe!”

Nikacheka hadi penseli ikaniponyoka. Yeye hakucheka. Nikamgeuzia karatasi. Akaitazama, akavitazama vilima, akasema, “Banange, kumbe ni mlima tu,” kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, akarudi kwenye sufuria yake.

Ninyi msomao huenda mkamwona mama yule mwenye wasiwasi wa bure. Ngojeni niwaeleze.

Baba yangu alikuwa mchora mabango. Saluni nyingi za Misiera, sehemu moja ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulikoishi, na maduka ya karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, yalivaa herufi zake: nyekundu, zenye kivuli cheusi upande wa kulia, kila herufi imesimama kama askari. Kazi hiyo alikuja nayo kutoka Kivu Kusini, nayo ilikuwa karibu kitu pekee alichokuja nacho. Rangi ilipokwisha alikwenda Mbarara kununua nyingine, na mara moja, siku ninayoitaka hapa, alinichukua mimi.

Lori lililotubeba lilipasuka tairi katikati ya malisho. Dereva akalala chini ya gari, abiria wakatafuta kivuli, baba akanipa kipande cha mkaa na ubavu wa boksi la sabuni. Mbele yetu alisimama ng’ombe wa Kinyankore, mwenye zile pembe ndefu ambazo mtu asiyewahi kuziona haziamini. Nikamchora upesi, nikampa. Baba akautazama mchoro, akamtazama ng’ombe.

“Riziki, ulichora ngombe unajua. Chora ile iko mbele yako.”

Kisha akanifundisha kupima. Unanyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, unafumba jicho moja, unasimamisha penseli, na kwa kidole gumba unashika urefu wa kitu kimoja; halafu unauhamishia juu ya kitu kingine na kuhesabu unaingia mara ngapi. Nilipima kichwa cha yule ng’ombe. Kiliingia mara mbili na zaidi kwenye pembe moja! Nikamchora tena. Safari hii baba alilikunja koti lake akaliweka juu ya ule ubavu wa boksi ili vumbi lisiufikie hadi tufike. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Tulipokaribia mji, tukaona nyumba kando ya barabara zimepigwa msalaba mkubwa wa rangi nyekundu ukutani. Nikamuuliza baba kwa nini. Akasema zimehesabiwa, zitabomolewa, barabara inapanuliwa. Mimi nikashika neno moja tu: zimehesabiwa. Nikaona ni utaratibu mzuri sana.

Nilikuwa mtoto wa utaratibu. Viatu vyangu vililala vimeelekea mlangoni. Kwa hiyo tuliporudi Nakivale niliamua kwamba sitachora ovyo. Nitachora nyumba zote za kijiji chetu, moja baada ya nyingine, kuanzia bombani hadi kanisani. Nilikuwa na daftari la hesabu, lenye miraba. Mkaa niliutoa jikoni. Wekundu niliupata kwa kusaga kipande cha tofali na kukilowesha kwa mate, na kijani kwa kusugua jani la maharagwe juu ya karatasi. Kijani hicho hugeuka kahawia baada ya siku mbili, lakini siku mbili zile hakuna duka linalouza kilicho kizuri kukishinda.

Basi kila alasiri niliketi mbele ya nyumba ya mtu. Nilinyoosha mkono, nikafumba jicho, nikapima mlango, kisha nikaandika jina la mwenye nyumba na, pembeni, vipimo: mlango mmoja, ukuta milango mitatu na nusu, paa mlango mmoja na robo. Nilipomaliza nyumba, nilichora msalaba mdogo wa mkaa kwenye jiwe la mlangoni, nisije nikairudia.

Someni tena sentensi hizo mbili za mwisho kwa macho ya watu wetu. Walikuwa watu waliokwisha kuhama mara tatu na mara nne, na kila mara kabla ya kuhama alitangulia mtu mwenye karatasi. Wengi walikuwa wamekwenda Mbarara na kuiona ile misalaba ya barabarani. Tena mtoto huyu ni wa mchora mabango, anayeingia ofisi za Base Camp kupaka namba kwenye milango. Nani atapeleka mtu mzima kupima, watu wakafanya vurugu? Atapelekwa mtoto.

Hakuna aliyeniuliza. Walinisalimia vizuri kuliko siku zote. Mama mmoja alinipa muwa.

Siku nilipoweka msalaba wa thelathini na moja, uvunaji ulianza. Nilidhani msimu umefika. Watu waling’oa maharagwe yenye maganda ya kijani, punje ndani yake laini kama ulimi, kwa hoja rahisi: afadhali tuyale mabichi kuliko tuyaache yaliwe na trekta. Jioni ile moshi ulipanda kila nyumba na kijiji kizima kikanuka sufuria moja. Watoto tulifurahi. Sikujua kwamba baadhi ya nyumba zilikuwa zinachemsha mbegu ya msimu ujao.

Jumapili, baada ya ibada, mwenyekiti wa kijiji alitusimamisha uwanjani pa kanisa. Alikuwa mtu mfupi, mnene mabegani, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata wakati wa jua. Mkononi alishika daftari langu. Mkewe alikuwa amelichukua pale nilipolisahau bombani.

“Baba Riziki,” akasema, “tunaishi pamoja, tunaomba pamoja. Batu ba Base Camp bakikutuma kupima manyumba yetu, si ungetuambia? Tulitoroka vita, hatukutoroka mushahara yako.”

Baba alinitazama. Akaliangalia daftari, akarudi kunitazama mimi. Alikuwa mtu mwenye jina moja tu la kulinda, nalo lilikuwa limeandikwa kwenye mabango ya nusu ya maduka ya Misiera.

“Sijatumwa na mutu,” akasema. “Lakini kama hiyo kitabu ilileta shida, nitaichoma hapa, mimi mwenyewe, mbele yenu bote.”

Mtu akasema kiberiti kipo. Nikajisogeza karibu na daftari. Mle ndani mlikuwa na miezi miwili ya alasiri zangu zote, na nyumba thelathini na moja nilizoziona kweli, si nilizozijua.

Mwenyekiti akafungua, akasoma kwa sauti ya hakimu: “Mama Esperansi. Mulango moja. Ukuta, milango tatu na nusu.” Watu wakaguna. Mama Esperansi mwenyewe, mjane aliyekaa jirani nasi, akajishika kichwa. “Tatu na nusu! Na ile ya nyuma hakuhesabu?”

“Mutoto, sema. Nani alikutuma?”

Nikasema hakuna. Nikasema napima ili nichore. Sauti yangu hata mimi sikuisikia vizuri. Mtu akapiga kelele kwamba hakuna mchoro unaopimwa, mchoro si bomba la maji.

Baba akaja, akanipa penseli aliyoichomoa sikioni. Hakuwa na hasira. “Mupime mwenyekiti,” akasema.

Nikanyoosha mkono. Nikafumba jicho. Nikashika urefu wa kichwa cha mwenyekiti kwenye penseli, nikauteremsha polepole hadi kwenye viatu vyake, watu wote wakihesabu nami kimoyomoyo. Baba alikuwa amenifundisha kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa saba. Nikarudia mara ya pili, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa utaratibu, kisha nikatoa taarifa yangu kama ilivyokuwa.

“Mwenyekiti ni vichwa vitano na nusu.”

Kutoka safu ya kina mama ikaja sauti: “Aksanti Yesu! Tulijua kichwa ni kikubwa, lakini hatukuwa na namba!” Uwanja ukapasuka. Mwenyekiti alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka hadi koti likamvuka bega moja, akaliweka daftari juu ya meza ya kinanda, na watu wakalizunguka.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hadi leo ninapokikumbuka kifua changu hupanuka. Kila mtu alitafuta nyumba yake, na kila mtu aliipata bila kuuliza, ingawa majina mengi yalikuwa yamefutika kwa vidole. “Ona kiraka changu!” “Ona, na kuku yangu akachorwa!” “Hii mutoto anaona mpaka tundu ya panya.” Mwenyekiti alikaa na ukurasa wake muda mrefu kuliko wote, akauliza kwa sauti ndogo kama ningeweza kuuongezea dirisha la pili alilopanga kulifungua.

Maharagwe hayakurudi shambani. Mwenyekiti aliamua kwamba nitapita kila nyumba na kitambaa chenye maji, nifute msalaba wangu, niombe radhi. Nyumba ya kwanza walinisamehe kwa sahani ya maharagwe mabichi. Ya pili vilevile. Kukataa ilikuwa kuongeza kosa juu ya kosa. Nilipofika nyumba ya tisa nilikuwa natembea kama mjamzito. Nilihitaji siku nne kumaliza kuomba radhi, na msimu uliofuata baba aliwagawia nusu ya mbegu yetu wale waliokuwa wamechemsha yao.

Mama Esperansi alikuwa wa mwisho. Nilipoinama na kitambaa, akaweka mguu wake juu ya jiwe.

“Ya kwangu uiache.”

Nikamwambia mwenyekiti ameagiza. Akasema mwenyekiti hana mtoto aliyepotea. Yeye na mwanawe, Amani, walikuwa wamepotezana njiani siku ya kuvuka mpaka, na kuna aliyesikia kwamba alionekana Oruchinga. “Siku moja mutu atapita hapa anatafuta fasi mama yake anaishi,” akasema. “Acha akute tulishahesabiwa.” Kisha akaniomba ukurasa wa nyumba yake, ule wenye fremu ya baiskeli iliyoegemea ukuta. Amani angeitambua baiskeli ile ya nyumbani kwao popote. Mchungaji akaupeleka Oruchinga ndani ya Biblia yake, akauacha kwa watu wa kanisa la huko.

Ilinichukua miaka kuelewa. Utotoni nilidhani kijiji kilikosea kuniogopa. Sasa kwa kuwa kuchora ndiyo kazi yangu, na kigoda hiki kimeketi kwenye barabara nyingi, najua hawakukosea sana: mtu anayeketi mbele ya nyumba yako na kuandika ana nguvu juu yako, hata akiwa na miaka kumi na mmoja. Ndiyo maana siku hizi kwanza nabisha hodi, kisha nafungua karatasi. Lakini najua pia kwamba watu wale waliohesabiwa mara nyingi hivyo, siku ile uwanjani walisukumana ili waonekane vizuri zaidi. Daftari lenyewe liko mezani kwangu, kurasa thelathini.

Mwezi uliopita nilipita kijijini. Mama Esperansi yuko hai, macho yamepofuka, hawezi hata kuuona mkono wake. Amani hakuwahi kuleta habari, wala ule ukurasa haukurudi. Niliinama kwenye jiwe la mlango wake. Mkaa hauvumilii mvua za msimu mmoja, sembuse miaka hii yote, lakini msalaba ulikuwapo, mweusi, mpya, na nilipougusa uliniachia unga kidoleni. Nilimuuliza ni nani huurudishia. Akasema husikia mkaa ukikwaruza jiwe, naye alidhani ni mimi.