Simu jikoni, masikio barazani

Saa mbili asubuhi mvua inanyesha Tukuyu, jambo ambalo hapa si habari. Ndani ya kibanda chake cha kutengeneza simu, kata ya Bagamoyo ya hapahapa mjini, Rehana Hasheem anasimama nyuma ya mteja na kumimina maharage makavu kwenye kopo la bati.

"Nimefanya nini?" anauliza.

Mteja, mama muuza viazi kutoka Isongole, amevaa spika ndogo za masikioni zisizo na waya, zilezile wanazovaa vijana kusikilizia muziki. Anafikiri kidogo, kisha anajibu kuwa fundi amefungua bomba.

Rehana anagusa simu, anapunguza hiki, anaongeza kile, anamimina tena. Safari hii mama anacheka kabla hajaulizwa. Ni maharage.

Hivyo ndivyo anavyopima fundi huyu mwenye umri wa miaka 36. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio unaozigeuza kuwa kinasa sauti: simu inadaka maneno ya anayezungumza karibu nayo, inayakuza, kisha inayatuma kwenye spika za masikioni. Kazi ya Rehana ni kutafuta sauti ambazo sikio la mtu limezipoteza, maana kila sikio na lake.

Kazi hii aliianzia nyumbani. Mama yake, Bi Biubwa, alikuwa anajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Bei waliyotajiwa ya kifaa cha kusaidia kusikia ilikuwa ya kuuza ng'ombe, na familia yao ya mafundi cherehani haijawahi kufuga hata mbuzi. Rehana akaanza kuchokonoa simu. Haikupita wiki, mama yake akalalamika kwamba majirani wanaongea sana.

"Siyo dawa," anaonya. "Sikio linalouma au kutoa usaha siligusi, aende hospitali kwanza. Na ambaye hasikii kabisa, hizi hazimsaidii. Namwambia ukweli wake."

Mteja aliyemtoa jasho kuliko wote ni Mzee Ambindwile, mkulima wa migomba na kahawa wa Masoko, nje ya mji.

Mzee huyo alifiwa na mkewe. Anaishi na mkwewe Tulia, ambaye mumewe yuko machimboni Chunya. Mwaka huu lori la ndizi lilimpigia honi kwa nyuma, hakusikia, na dereva akaishia mtaroni kwa kumkwepa. Binti yake Felista, mkazi wa Dar es Salaam, akasema inatosha, anakuja kumchukua. Mzee hakutaka hata kusikia habari hizo. Huko mjini, alisema, atakaa kwenye kochi kama mgeni mpaka afe.

Felista akampa nafasi moja: fundi wa Bagamoyo akiweza kumfanya asikie, atabaki.

Rehana alimpima, akapanga sauti, akamtumbukizia simu kwenye mfuko wa shati na kumruhusu aende. Siku chache baadaye mzee alirudi amenuna. Alichosikia ni mkwaruzo wa shati lake, na mvua kwenye bati. Nyumbani bado alikuwa haambulii neno.

"Nilidhani nimekosea kupima," anasema Rehana. "Nikapima upya. Hamna kosa."

Akapanda bodaboda hadi Masoko kujionea. Alimkuta Tulia akiweka chai kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kisha Tulia akarudi nyuma ya ukuta na kusema kwa sauti ndogo, "Baba, karibu chai." Barazani, ng'ambo ya ua, mzee alikuwa akitazama mvua. Chai ikapoa.

Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, baba na mke wa mwanawe hawakaribiani. Mkwe hamtazami usoni, wala hapiti karibu na alipoketi. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, hii haijalegeza. Mzee alipokuwa anasikia vizuri, ukuta haukuwa tatizo kwa yeyote.

Rehana alimuuliza Tulia kwa nini asipaze sauti.

"Baba mkwe hapigiwi kelele, dada," Tulia akajibu.

Kusogea hawezi, kupiga kelele hawezi. Rehana anatikisa kichwa akikumbuka. "Nimezaliwa hapahapa, haya yote nayajua. Halafu nikaiweka simu mfukoni kwa mzee, mahali ambapo mkwe hafiki."

Simu ikahamia jikoni. Ukuta wa tofali ulikata mawasiliano, ikabidi itundikwe ndani ya kikapu kwenye kidirisha kinachotazama ua. Tulia akakaribisha chai tena.

Mzee alishtuka, akazivua spika. Sauti ya mkwewe ilikuwa imeingia sikioni kabisa, karibu kuliko ilivyowahi kuwa. Alizigeuzageuza kiganjani, na Rehana anakiri kwamba aliogopa, akaona ameharibu nyumba ya watu.

"Lehana," mzee akasema mwishowe, kwa Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake, "yeye yuko jikoni?"

"Yuko jikoni, baba."

"Na mimi niko balazani. Basi hakuna aliyesogea."

Akazivaa.

Tangu siku hiyo Rehana hampangii mzee yeyote sauti kabla hajafika kwake na kuona nani anakaa wapi. Anatafuta fundi wa kumwachia kibanda siku za mvua chache, ili azunguke vijijini.

Jumapili hii Felista amefika na gari. Anakunja mashati ya baba yake barazani, tayari kwa safari, na haamini habari za kikapu. Anataka kuona mwenyewe. Tulia yuko jikoni na hakuna aliyemwambia la kusema.

Felista anakunja shati jingine. Kisha mzee anainua uso. Felista, aliyeketi ubavuni pake na masikio mazima, hajasikia chochote.

"Nimesikia, mwanangu," mzee anasema kuelekea jikoni, kisha anamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Felista anamuuliza ameambiwa nini. Mzee anapangusa macho kwa kiganja kabla ya kujibu.

"Anauliza, mimi nikienda, yeye anabaki na nani."

Felista anashika shati mkononi, anatazama kidirisha cha jikoni. Kisha anaanza kuyarudisha mashati ndani ya nyumba, moja moja.