Ukimya Ambao Subiri Hakuukata

Saa tatu asubuhi, kibanda cha intaneti kimejaa pomoni. Kompyuta ni nne, wateja ni watatu, wambea hawahesabiki. Mwenye kibanda, mama wa watoto wawili ambaye mtaa mzima unamwita Subiri, anamvisha fundi cherehani hedifoni.

"Usipige kelele, shangazi. Atakusikia."

"Yuko ng'ambo, nisipopaza sauti atasikiaje?"

Kibanda kizima kinaangua kicheko.

Huu ni mwaka wa tisa Subiri yumo katika kazi hii. Tangu simu zijae mifukoni, mapato yamepungua kwa nusu. Waliobaki ni wale wanaohitaji mtu wa kuwashika mkono, kama huyu fundi.

Mwanawe, mchomeleaji vyuma huko aliko, alioa bila kumwambia. Tangu hapo, kila wakipigiana, salamu hazijaisha wameshararuana. Mjukuu akazaliwa, bibi hajamwona hata kwa picha.

"Nikamwambia shangazi: nyinyi mkikutana moja kwa moja mnawaka. Turekodi, tumtumie, asikilize akiwa ametulia," anasimulia Subiri.

Fundi akarekodi kana kwamba mwanawe amekaa mbele yake. "Hujambo, mwanangu?" Kimya, anangoja. "Mkeo anakula vizuri?" Kimya tena. "Na mtoto, analala?"

Wateja wakamshauri Subiri akate mapengo yale, ujumbe uwe mfupi. Akagoma katakata.

"Walipokuwa wanapigiana, mama huyu hakuwahi kumwachia kijana nafasi ya kujibu," anasema. "Leo ameiacha, mimi niikate?"

Jibu likaingia juzi. Kijana alikuwa ameicheza sauti ya mama yake huku akijirekodi, na kila penye pengo akajibu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Nisamehe."

Mwishoni akaomba leo wazungumze wakionana.

Skrini inawaka. Kichanga kinapiga miayo.

"Pua yetu hiyo! Hata mahakamani haikataliki!" fundi anapiga ukelele, machozi yakimtiririka.

Subiri naye anadunduliza. Anataka kutenga pembe moja ya kibanda kwa mbao, apate chumba kidogo chenye mlango, mtu aongee na watu wake bila mtaa mzima kutega sikio.

"Mlango?" anaruka wifi yake, muuza sabuni wa jirani, aliyeingia kupumzika kidogo kibanda kilipofunguliwa asubuhi na bado hajatoka. "Na sisi tutasikia wapi?"

"Wifi yangu," Subiri anamjibu, "mbao za kwanza nimezinunua kwa ajili yako."