Kuku Wasio na Doa

Mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona, balozi wetu wa nyumba kumi aliitisha mkutano, akasema mtu wa mjini anayekula tu bila kuzalisha ni kupe. Alisema bila kumtazama mtu, lakini mimi nilikuwa nimetoka kununua nyama, imefungwa kwenye gazeti na inavuja damu magotini, nikajua kidole kimenielekea. Nikasimama nikatangaza kwamba nitafuga kuku. Watu wakapiga makofi. Ndivyo nilivyo, nikishapigiwa makofi siwezi kurudi nyuma.

Jina langu Kasmir, kazi yangu fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja kwa Bi Kijakazi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na cherehani yangu ilikaa barazani kwake. Nilikuwa na shida moja kubwa, nayo ilikuwa Candida. Baba yake, Mzee Wilbert, alikuwa Mchaga wa Kibosho mwenye duka la sufuria na masinia mtaa wa pili. Mimi na Candida tulikuwa tumekwisha kubaliana. Asiyekubali alikuwa mzee. Alinieleza sababu zake bila kunificha: mimi Mrombo, fundi wa barazani, mwenye chumba kimoja, na kuna karani wa Posta mwenye kaunda suti mbili ambaye naye ameulizia. Hata hivyo aliahidi kwamba Jumapili moja atapita baada ya misa, aone ninavyoishi, ndipo atoe jibu la mwisho. Kwa hiyo kuku wangu hawakuwa wa balozi peke yake. Nilitaka Mzee Wilbert aingie uani akute mwanamume mwenye maendeleo.

Sikujua chochote kuhusu kuku. Kwetu Rombo walikuwa kazi ya mama, mimi nilikutana nao kwenye sahani. Hilo halikunizuia kuwa na msimamo. Nilianza kwa kuwaangalia kuku weupe wa kizungu kwenye shamba moja nje ya mji. Niliambiwa wanataga kila siku, ili mradi wapate chakula chao cha dukani kwa wakati, wapigwe sindano, na upepo usibadilike ghafla. Nikaona hawa ni maofisa, chumba kimoja hakitawatosha. Buguruni nikaonyeshwa kuchi, jogoo mrefu mwenye shingo ya askari wa gwaride. Nilimpenda sana, mpaka alipomrukia mwenye mali na kumchana mkono. Uani kwetu tulikuwa wapangaji wengi na choo kimoja, nikawaza itakuwaje akisimama mlangoni pa choo. Nikamwacha. Halafu wakanisifia kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, kwamba joto la Dar es Salaam halimsumbui. Lakini mimi fundi. Shati lisilo na kola silitoi nje, sembuse kuku.

Waliobaki walikuwa hawa wa kienyeji wa kawaida, na hao nao walinishinda kwa madoa. Huyu ana vidoti, yule ana mistari, mwingine kifua rangi hii na mkia rangi ile. Mimi nikinunua kitambaa nakikunjua chote mbele ya mwanga, na nikiona doa nakirudisha. Nikasema nitanunua kuku kwa jicho lile lile. Kila mmoja rangi moja safi, basi.

Sokoni Kariakoo, upande wa kuku, nilimkuta muuzaji mmoja anaitwa Mrisho, mtu wa kelele. Nikamwambia nataka mtetea mweusi tii, asiwe na unyoya hata mmoja wa rangi nyingine. Kelele zikakatika. Mrisho akanitazama viatu, akanitazama uso, akainama akatoa chini ya meza tenga lililofunikwa kaniki. Nikamshika yule kuku, nikamfunua mbawa, nikampuliza manyoya ya tumboni kutafuta doa. Watu waliokuwa wamenibana wakasogea wakanipa nafasi. Nikaomba na mtetea mweupe pee, kisha jogoo mwekundu. Wote alikuwa nao. Nilipotaka kupunguziwa bei akasema kwa sauti ya chini, "Hawa hatupunguzi, mzee. Mwenyewe unajua."

Nikaitikia kwa kichwa kama ninayejua. Alikuwa amenipita umri kwa mbali, na ameniita mzee.

"Na kidimu je?" akauliza. Akaniletea kuku ambaye manyoya yake yote yamejikunja kuelekea kichwani, kama aliyepigwa pasi kinyumenyume. Nilidhani ni mbegu ya ng'ambo. Nikamchukua na huyo, nikarudi nyumbani nimefurahi jinsi watu wa sokoni wanavyomtambua upesi mtu mwenye utaalamu.

Uani mambo yalibadilika siku ile ile. Bi Kijakazi, mwenye nyumba, ambaye siku zote alinitaka nimwamkie mara mbili ndipo aitikie, akawa ananitangulia yeye kwa habari za asubuhi. Siwema, jirani yangu wa chumba cha pili, akaanza kuanua nguo zake kabla jua halijazama. Kwenye foleni ya choo nikawa napishwa. Niliyaona yote hayo nikajiambia kwamba kumbe wananchi wanaheshimu uzalishaji.

Candida alikuja siku moja kupima gauni. Alifika mlango wa uani akasimama. Akamtazama mweusi, akamtazama mweupe, akamtazama jogoo, halafu akamwona kidimu anaparura ukutani. Akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Umewachagua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Doa hata la dawa huwezi kulipata."

"Naona." Akawatazama tena kwa muda. "Basi usiuze hata mmoja mpaka baba aje."

Nikaona msichana huyu ana akili.

Mzee Wilbert alikuja Jumapili na suti yake ya kanisani. Nilimwamkia, nikamketisha kwenye kiti cha wateja kule uani, nikamwagizia soda. Kabla hajaifikisha mdomoni, kidimu akaja akamdonoa kamba ya kiatu. Mzee akainua miguu yote miwili kutoka chini, akabaki hivyo. Mimi nikaanza somo langu. Nikamweleza wa kizungu wana kasoro gani na kuchi ana kasoro gani, na kwa nini nimewakataa wote.

"Huyu mweusi," akauliza taratibu, "hana unyoya mweupe hata mmoja?"

"Hata mmoja, mzee." Nikamkamata, nikamkunjulia mbawa mbele ya pua yake. "Watu wengi wanaokota kuku ovyo ovyo. Mtu akijua kuchagua, anachokitaka lazima akipate."

Aliiweka soda chini imejaa, akasema amekumbuka ana mgonjwa wa kumtazama, akaondoka akiwa amemzunguka kidimu kwa mbali. Hakusema ndiyo wala hapana. Roho iliniuma. Nilijua nimemchosha kwa maneno, na karani wa Posta, ambaye labda hana maneno, ndiye atakayemchukua Candida.

Bi Kijakazi alinikuta nimekaa nimeshika tama. Akajitia ujasiri.

"Bwana Kasmir, usinikasirikie. Hiyo kazi unaifanya humu ndani au unakwenda kuifanyia kwingine? Maana nyumba hii ina watoto."

"Kazi gani, Bi Kijakazi? Ufugaji?"

Akanitazama sana, na nadhani pale ndipo hofu ilipomtoka. "Mweusi, mweupe, mwekundu, na kidimu juu, ambaye watu wanasema anafukua uchawi uliozikwa. Hapo kimebaki kibuyu tu. Kwani kwenu hakuna waganga?"

"Wapo. Wanataka mbuzi."

Alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemchukua baba wa mchumba wangu, mtu wa benchi la mbele kanisani, nikamwonyesha vifaa vya uganga kimoja kimoja, nikamalizia kwa kumwambia kwamba ninachokitaka lazima nikipate.

Asubuhi nilikwenda dukani kwake kumweleza ukweli. Candida alikuwa ndani anapanga masinia. Mzee aliponiona alisimama upesi, akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama machoni, na akaniwahi. "Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi wowote. Walete wazee wako tuzungumze mahari."

Nyuma yake Candida alinitikisia kichwa, ninyamaze. Nilitamani kunyamaza. Lakini huwezi kumchukua binti wa mtu kwa kumtisha na kuku, hata kama ni bahati mbaya.

"Mzee, wale kuku ni wa mayai tu. Mimi si mganga. Sikujua kitu, nilifuata rangi."

"Wa mayai," akaitikia haraka. "Wa mayai, naam. Nani amesema vingine?" Jasho lilikuwa linamtoka. Nikarudia kiapo changu, naye kila nilipoapa alizidi kukubali, akaishia kupunguza mahari bila kuombwa. Posa ikapita hivyo.

Candida alinisindikiza mpaka kona. Nikamuuliza kama alijua tangu siku ile ya gauni.

"Nimezaliwa Kariakoo," alisema. "Ningekuambia, ungewauza wote kesho yake. Na baba angekukataa kwa zile sababu zake, ambazo hata mimi sikuwa na la kuzijibu."

Hilo liliniingia. Nikamwambia basi ajue anachochukua: mtu asiyejua kuku wala watu, anayedhani kupishwa chooni ni heshima. Doa kila mahali.

"Mama yangu ameuza sufuria dukani kwa baba maisha yake yote," Candida akasema. "Yenye kibonyeo hairudishi kiwandani. Anaipeleka nyumbani, ndiyo tunayopikia."

Baadaye jogoo mwekundu na mitetea wale walituangulia vifaranga, vyote madoadoa. Mzee Wilbert akija kututembelea, Candida huviingiza chumbani na kumwacha mweusi apite uani. Mimi hujinywea chai yangu.