Ndege Aletaye Mgeni

Mwaka 1998, mwezi wa Aprili, joto la Durban lilipoanza kulegea, mama yangu aliweka kifuniko cha ndoo kwenye kibaraza chetu cha Greyville, ghorofa ya tatu, akamwaga humo makombo ya ugali. Shomoro walikuja kwanza, wakagombana. Halafu akaja yule mdogo, mweusi na mweupe, anayechezesha mkia kila hatua. Kwetu Kivu tulimwita mtikisa mkia, na hafukuzwi, kwa sababu akitua nyumbani kwako mgeni yuko njiani.

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaongeza kikombe cha mchele kwenye sufuria.

Mgeni mwenyewe tulimjua bila kumtaja. Kaka yangu alitupotea vita vilipoingia Bukavu, tukikimbia na umati, na tangu siku ile hatukusikia lolote. Basi ndege akawa anakuja kila asubuhi, na kila mchana sahani ya tatu ikawa mezani, imefunikwa, hadi chakula kinapopoa. Mimi nilikuwa nikisuka nywele saluni moja huko Point, na ile sahani ilinikera kuliko mteja yeyote. Nilijiambia kinachonikera ni chakula kutupwa. Uongo mtupu.

Nikapata wazo la kumtibu mama. Jumapili moja baada ya ibada nilimpeleka Isipingo, kwenye vinamasi karibu na bahari. Mteja wangu mmoja, Mkenya aliyekuwa akisomea mambo ya ndege chuoni, alikuwa ameniambia kwamba huko watikisa mkia wamejaa kama kuku. Nilitaka mama aone kwamba huku ni ndege wa kawaida tu, hawana habari na mtu.

Walikuwepo kweli. Maji yalikuwa yametulia, mwanga wa alasiri umelala juu ya matete, hata sikujua maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Watikisa mkia walitembea matopeni kwa makumi. Juu yao mbayuwayu walizunguka, wakijikusanya kwa safari ya kaskazini; yule Mkenya alisema wengine hupita juu ya kwetu. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, kana kwamba nimelala macho wazi, na kwa dakika kadhaa nikasahau kilichonileta.

Kisha nikakumbuka.

"Mama, unaona? Hawa iko wengi. Kila moja akileta mugeni, tutawaweka wapi?"

Hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe, akavua viatu vyake vya kanisani, akaendelea kuwatazama.

"Basi watu mingi wanangojewa," akasema.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia, kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia, kwamba kaka hatakuja, na kwamba lazima mmoja wetu alitamke. Mbayuwayu wakashuka hadi kwenye matete, wakapanda tena. Mama alinishika mkono, akajibu bila kunitazama.

"Minajua, mwanangu. Tangu zamani minajua. Lakini siku nitaacha kupika, ni mimi nitakuwa nimemuzika."

Mimi nilikuwa nimemzika zamani, peke yangu, bila kumwambia mtu, bila hata kumlilia. Nikaketi kando yake, pale pale kwenye matope, nikamlilia.