Mashimo Chini ya Mizabibu

Nyuki wangu niliwafukuza mwenyewe, kwa fagio na birika la maji ya moto, nikidhani napigana na sisimizi. Wapo nyuki wa mzinga, na wapo hawa wadogo weusi, kila mmoja na shimo lake ardhini. Hawa wa pili sikuwajua, ingawa baiolojia nilisoma hadi kidato cha nne na mguu wa panzi niliuchora vizuri sana.

Mizabibu yangu michache iko nyuma ya nyumba, hapa Karatu. Mke wangu alishatangulia, watoto wako Arusha. Sisi tuliotoka Kilimanjaro tulilelewa kwamba nyumba husomwa uani, kwa hiyo nafagia kila asubuhi mpaka udongo mwekundu unabaki na mistari ya fagio. Jioni natazama nani amekanyaga. Huwa ni mimi, na kuku wa jirani. Magari ya watalii yanapita kwenda kreta, yananiachia vumbi, hakuna linalokata kona.

Nikajiaminisha kwamba wageni wanakimbia magugu. Nikang'oa yote chini ya mizabibu, hata yenye maua, mashimo nikayamwagia maji, ardhi nikaishindilia. Jirani yangu, mama wa Kiiraqw mwenye maboga ng'ambo ya ua, akachungulia akauliza kama na majani nitayapiga deki.

Kesho yake nilikunywa chai nje, nikajisikia ninavyomeza. Kumbe siku zote kulikuwa na mvumo pale, na mimi nilikuwa nauzungumzisha bila kujua. Nyuki mmoja, miguu imejaa chavua, alitua, akaparua udongo, akaruka, akarudi palepale, kama mtu aliyetoka safari akakuta kufuli limebadilishwa. Chai ilinishinda.

Tangu hapo chini ya mizabibu sifagii, nafagia uani tu. Magugu yamerudi na maua yake. Kila asubuhi nachuchumaa kukagua ardhi, mtu mzima, utadhani nimeangusha pete.

Juzi nikaona kitu cheusi mdomoni mwa shimo. Nikamwita jirani kwa sauti ambayo sikuwa nimeitoa tangu msiba. Akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka, akakanyaga mistari yote ya fagio uani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akajinyoosha akaniambia:

"Huyo ni nzi, baba. Ila umeshaniita, weka chai."