Mama Davis Aliyekataa Kukimbilia Rashi

Ghati alipofika kutoka Tarime, pale karibu na Bulyanhulu hapakuwa na mji. Palikuwa na maturubai, maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na vumbi la kumkausha mtu koo. Mjane wa watu, mwanawe Davis mgongoni, akainjika kikaango na kuanza kuuza chapati. Haikupita muda, kambi nzima ikawa inamwita Mama Davis.

Asubuhi moja zikavuma habari: rashi! Dhahabu imeibuka upande wa Geita, watu wanaiokota kama karanga. Jua la utosi likakuta maturubai yameng'olewa na pikipiki zinaondoka zimepakia watu na masufuria yao.

"Mama Davis, wafuate wateja!" alisihi Zipora, jirani yake Msukuma, huku akifunga gunia lake la dagaa. "Utawapikia mijusi?"

"Mijusi nao wana njaa. Mimi kuhama nimechoka, dada. Kesho nafyatua tofali."

Zipora akacheka hadi akashika kiuno, kisha akapanda pikipiki akaenda zake.

Walibaki wachache, akiwemo Donatus, fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia duara lisiporomoke. Alikuwa ameteguka mguu. Kila siku alikuja kunywa chai na kutazama ukuta wa Ghati ukipanda.

"Mama Davis, ukuta wako umelewa."

"Basi ushike usianguke."

Akaushika kweli. Akaunyoosha kwa kamba, akachonga milango, akaezeka bati. Siku alipopigilia msumari wa mwisho alisimama akikuna kichwa.

"Nyumba imekwisha. Sina tena sababu ya kuja."

"Itafute," alisema Ghati, macho yakiwa kwenye unga.

Donatus akaitafuta, na hakwenda mbali.

Rashi yenyewe ikawa maneno matupu. Watu walirudi wamekonda, Zipora mbele yao, wakakuta moshi, masufuria makubwa na umati wa watu kutoka vijiji jirani.

"Nani amekufa?" aliuliza Zipora kwa hofu, maana pale watu hawakuwahi kukusanyika hivyo ila kwa msiba. Aliyetaka kuoa alikwenda kuolea kwao.

"Hakuna msiba! Mama Davis anaolewa!"

Zipora akabwaga gunia, akapiga vigelegele, akaingia kwenye ngoma na vumbi lake la safari.

Baada ya hapo wengine nao wakaanza kufyatua tofali. Leo pana stendi, maduka ya dawa, makanisa na msikiti. Ghati bado anauza chapati, na Donatus, akiachiwa kikaango, anaziunguza.