Birika Lililogoma Kuzima

Saa moja asubuhi, sokoni katika mji wa Wonosari, Sutarmi anaingiza pua ndani ya birika la umeme na kunusa. Ananusa tena.

"Mama, humu ulichemsha nini?"

"Maji," anajibu Bi Lasinah, mjane wa miaka sitini na mbili. "Maji matupu."

"Maji gani yananukia sukari ya kuungua?"

Wauza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, wa meza ya jirani wanaangua kicheko. Bi Lasinah hacheki. Jana birika hilo lilimpiga shoti mkwewe mjamzito, na kesho majirani thelathini wanakuja kumwezekea paa. Bila chai, atawatazamaje usoni?

Sutarmi, 44, ni fundi wa mabirika kwa mwaka wa tisa sasa. Kwa siku hupata kama rupia elfu themanini. Maji ya huku yana chokaa, kwa hiyo mabirika mengi huletwa yakiwa na ukoko mweupe.

"Huo si ugonjwa," anasema. "Siki kidogo na maji, chemsha, acha nusu saa, suuza. Wenyewe wanakwangua kwa kisu!"

Hili lina kisa kingine. Anafungua kitako: weusi unaonata, waya umeungua.

"Sema kweli, mama. Uliweka majani na sukari humo humo?"

"Sasa mgeni nimpe chai isiyo na sukari? Waseme Lasinah bahili?"

"Povu likapanda?"

"Likapanda. Nikafunua kifuniko, kama tunavyofanya kwenye mkaa."

Sutarmi anajipiga paja. Kumbe! Swichi huzima ikifikiwa na mvuke. Kifuniko kikiwa wazi mvuke unajiendea zake, birika linachemka tu, na chai inamwagikia kwenye umeme.

"Zungushia tepu, mwanangu, niwahi."

"Nizungushie kifo? Sikupi."

Anabadilisha waya na kitako, anapima umeme kwa mita, anachemsha maji mara mbili. Ndipo anamkabidhi, kwa masharti: maji peke yake, yasipite alama, kifuniko kifungwe, plagi ichomolewe kabla ya kuosha, na kitako kisilowe. Chai na sukari viungwe kwenye buli.

Sutarmi anapanga kuzunguka kwenye vikundi vya akina mama akiwa amebeba vitako vilivyoungua, wavishike na kuvinusa wenyewe. Ataanzia kesho, kwa Bi Lasinah.

"Kwani na wewe unajua kuezeka?"

"Sijui. Nakuja kukaa karibu na soketi. Mkweo apumzike."